Nusu Kikombe cha Maji Yaliyochemka

Neema alinipigia simu asubuhi nikiwa maabara, Dar es Salaam, na kwa jinsi alivyoanza kuniuliza habari za kazi, habari za watoto, habari za joto, nikajua kuna mtu amefariki. Kwetu habari ya msiba haitangulii salamu. Nilizijibu zote, salama, salama, tunamshukuru Mungu, huku nimeishikilia meza. "Dada Tuse," akasema mwishowe, "Bibi ametutoka. Tumemzika jana alasiri." Sikuuliza bibi yupi. Kwangu mimi na Neema bibi ni mmoja tu, Bi Mwanaidi wa Tunduma, mwenye nyumba wetu wa zamani, mjane wa Mzee Rajabu, mwenye kisima. Nilivua glavu, nikaketi, na kabla machozi hayajaja kilichonijia ni hofu, ile ile, pale pale chini ya kitovu ilipokaa mwaka ule. Nikabaki nimelishika tumbo mpaka kijana wangu mmoja wa maabara akaniuliza kama nimekula.

Niseme mapema: mimi ni mwoga. Watu wakisikia mwanamke wa Isongole amekwenda kusomea mambo haya Ulaya hudhani ana moyo wa chuma. Wapi! Naogopa mbwa, naogopa ndege ikitikisika, naogopa barua pepe za wakubwa. Na kazi niliyoichagua haina hata kimoja cha kutisha ukiitazama kwa nje, kwa maana kazi yangu ni kukunja. Vinasaba, hiyo DNA ambayo watu huitaja wakigombania baba wa mtoto, mimi sivisomi, navitumia kama uzi. Unachukua uzi mmoja mrefu, unautilia vipande vifupi vya kuushika hapa na pale, unachemsha, kisha unaacha upoe taratibu, na katika kupoa huko nyuzi zinatafutana zenyewe na kujikunja kuwa umbo ulilolipanga. Umbo langu lilikuwa kijisanduku chenye kifuniko, kidogo kiasi kwamba tone moja la maji linabeba visanduku visivyo na idadi. Kufuli lake lilikuwa kipande cha uzi kinachoshikana na vinasaba vya mdudu wa kipindupindu tu. Akiwapo, kufuli linaachia, kifuniko kinainuka, na rangi iliyofichwa ndani inang'aa kijani. Asipokuwapo, giza. Basi, ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa bado mwanafunzi. Profesa wangu, mzee mpole asiyependa maneno mengi, aliniambia visanduku vyangu vimezoea maji ya maabara yasiyo na uchafu wowote, niende nikavijaribu kwenye maji ya watu, yenye tope na sabuni na majivu. Nikachagua Tunduma. Kipindupindu hakikuwa kinakawia kurudi mvua zikianza, na, kusema kweli, nilikuwa na hamu ya nyumbani. Siku hizo bado tulikuwa Mkoa wa Mbeya, hakuna aliyeota kwamba Songwe ingekuwa mkoa, na malori ya kuvuka kwenda Zambia yalipanga foleni mpaka madereva wakawa wanafahamiana na kuku wa mtaani. Nilipewa kona kwenye chumba cha vipimo cha kituo cha afya, lakini ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Mashine yangu ya kuchemsha na kupoza ilikuwa ikizimika katikati ya kazi, na nyuzi zilizopoa ghafla hazijikunji, zinajifunga mafundo. Nikarudi nyumbani kwa Bi Mwanaidi nimenuna, nikamwomba chupa ya chai.

Alinipa ile nyekundu yenye maua, ya wageni. Nikaijaza maji yaliyotokota, nikaning'iniza vichupa vyangu ndani kwa uzi wa kushonea, nikafunga, na maji yakapoa pole pole kuanzia mchana mpaka jioni kama nilivyotaka. Alikaa kwenye kigoda akinitazama. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, mwenyeji wa Ujiji, aliyeletwa mpakani na mume mfanyabiashara na hakuwahi kuiacha lafudhi yake wala samaki wake. Migebuka ililetwa na matandiboi wa malori, imekauka, na aliipika kwa mawese mpaka harufu ikaingia kwenye nguo zangu za kanisani.

"Yaani wewe wapika uzi?" akaniuliza.

"Napika uzi, Bibi."

"Na waiva saa ngapi?"

"Ukishapoa."

"Makubwa haya! Mie katika maisha yangu sijaona chakula kiivacho kwa kupoa." Akacheka mpaka kigoda kikalia. Lakini tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa chupa ile, hata wageni walipokuja, na mgeni mmoja aliyeunyoosha mkono aliambiwa, "Iache hiyo, mna mtoto wa watu humo."

Nyumba ilikuwa ya vyumba vya kupangisha na cha Bibi upande mmoja, sebule na stoo upande wa pili, ua katikati, na katikati ya ua kisima. Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, kwa hiyo tulisikilizana kila kitu. Upande wangu wa kulia alikaa Neema, msichana wa Kinyiha kutoka Isansa, muuza mitumba, aliyeimba nyimbo za kwaya akihesabu magauni. Upande wa kushoto Bibi, na uradi wake baada ya kila sala. Ila sauti niliyoizoea kuliko zote ni ya neno moja. Mzee Rajabu alipofariki, Bibi alichimbisha kile kisima kiwe sadaka kwa ajili yake. Aliniambia sadaka ya maji haikatiki, kila anayekunywa thawabu zake zinamfikia marehemu kaburini. Kwa hiyo mlango wa ua haukufungwa mchana kutwa, mtaa mzima ulichota hapo, Wakristo, Waislamu, wasafiri, na kila ndoo ilipopanda Bibi alisema chini chini, popote alipokuwa, jikoni au kitandani, "Yamfikie." Kamba inalia, ndoo inapanda, "Yamfikie." Mwanzoni ilinikera, baadaye nikawa silali mchana bila kuisikia.

Mvua zikaja, na kipindupindu kikaja nazo. Kilianzia maegesho ya malori, tukasema ni cha huko. Kikahamia sokoni, tukasema ni cha huko. Wauza vyakula wakafungiwa, kambi ikawekwa kwenye uwanja wa shule, na watu wakaacha kupeana mikono, wakawa wanasalimiana kwa kuinua nyusi. Halafu Sichone, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyekuwa akiingia uani kwetu kila siku na kunywa kata nzima kwa pumzi moja huku akifumba macho, aliamka na kuhara asubuhi, na alasiri yake tulikuwa tunamlilia. Nilimwona akipakiwa kwenye toroli. Alikuwa amekuwa mzee ghafla, macho yamezama, midomo imekauka. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya ugonjwa ule na sikuwa nimewahi kuuona. Niliingia chumbani nikafunga komeo, kana kwamba ungebisha hodi.

Siku ya pili yake nikasikia wanawake wawili kisimani. Mmoja akasema, "Kwani Sichone alikunywa wapi kama si hapa?" Mwenzake akasema, "Wee, mwenyewe yumo ndani." Yule wa kwanza hakushusha sauti: "Na asikie. Sadaka gani hii ya kuua watu?" Ndoo ikapanda. Nikangoja lile neno la Bibi. Halikuja. Kupitia juu ya ukuta nilisikia tasbihi yake imesimama, kimya, kisha kitanda kikalia kama mtu ameketi kwa uzito wote. Nilijua atakuja mlangoni kwangu, na nilijua atataka nini.

Akaja. Hakuketi. "Tuse, mjukuu wangu, nipimie kisima."

"Bibi, tumngoje bwana afya."

"Bwana afya kaja asubuhi. Kasema dawa ya kutia visimani yaenda kambini kwanza, sisi tuchemshe. Sawa, tutachemsha. Lakini mie nataka kujua." Akashika fremu ya mlango. "Kama ni maji, thawabu zamfikia. Kama ni sumu, je? Nataka kujua Rajabu afikiwa na nini huko aliko."

Nilikuwa na visanduku tu. Nikachota ndoo moja, nikayasukuma maji kwa bomba la sindano kwenye kichujio kidogo, nikakichemsha kile kichujio kwenye matone machache ili wadudu wapasuke na vinasaba vyao vitoke, nikachanganya na visanduku. Kichupa cha pili nikatia maji safi ya sindano kutoka kituo cha afya, cha kulinganishia. Kisha, kwa kuwa ilikuwa mchana na mwanga wenyewe ni hafifu, tukaketi kitandani pangu na kujifunika blanketi zito, mimi na yeye, kama watoto wanaojificha. Nilikuwa na tochi ya mwanga wa buluu na karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa ya kutazamia. Humo ndani mlinuka mawese na udi. Nilimulika kichupa cha maji safi, giza. Nikamulika cha kisima. Kijani. Hafifu, lakini kijani, na hakikuwa na shaka.

"Ndio wenyewe?" akanong'ona.

"Ndio, Bibi."

"Ugonjwa una rangi nzuri hivi?" Nikasikia pumzi yake imebadilika. Nikamwambia haraka haraka, kama daktari anayeogopa kulia mbele ya mgonjwa, kwamba ukichemsha wanakufa wote, kuchemsha tu kunatosha, moto unawamaliza. Akaitikia kwa kichwa ndani ya blanketi. Aliponyanyuka alikwenda moja kwa moja stoo, akaburuta lile sufuria la pilau la harusi, akawasha kuni uani, na kuanzia saa hiyo hakutoka mtu na ndoo ya maji mabichi. Walionung'unika aliwaambia wanung'unike huku wakingoja yatokote.

Kambini wakaniomba nikawasaidie vipimo, maana waliokuwapo walikuwa wamechoka hadi wanasinzia wamesimama. Nikawa nashinda huko. Siyo ushujaa, ni kwamba kuogopa nyumbani nimekaa kulinishinda. Nilijifunza kumjua mgonjwa kwa vidole, vilivyokunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Na siku moja niliporudi mchana nikaukuta ua mtupu. Sufuria la pilau limepinduliwa, maji yake yanachirizika kwenye tope bado yakitoa mvuke. Kisima kimefunikwa bati, juu ya bati mawe. Nikajua kuna kitu kimeharibika kabla sijajua ni nini.

Neema alinipokea mlangoni. "Dada Tuse, yamewaka."

"Nini kimewaka?"

"Maji. Yaliyochemshwa. Bibi alitaka ayahakikishe kabla ya kuwapa watu. Tumefanya yote kama ufanyavyo wewe, bomba, kichujio, tochi, blanketi. Yamewaka vile vile, kijani."

Jamani! Mtu mwangalifu kuliko Bi Mwanaidi sijamwona, na ndiyo maana alipima. Alikuwa amenitazama mara nyingi, mikono yake ilikuwa imeshika kazi yangu yote bila kosa hata moja. Na visanduku vilisema kweli. Mdudu aliyechemshwa amekufa, lakini vinasaba vyake bado vimo majini, na kisanduku changu hakijui aliye hai na aliye maiti, kinalijua jina tu. Mimi nililijua hilo tangu darasani, ni jambo la ukurasa wa kwanza. Pale Tunduma hakuna aliyekuwa na sababu ya kulijua. Walichokijua ni kwamba mwanga ni ugonjwa, na mwanga upo.

Habari zilikuwa zimeshatangulia. "Hata chombo cha Ulaya kimesema moto hauui." Nilizisikia kwa masikio yangu, kutoka kwa dereva anayeongea na mwenzake, kutoka kwa mama anayemwaga maji yake ya moto mtaroni. Kwa nini uchome mkaa bure? Watu wakarudi kwenye kijito cha bondeni, wengine wakanunua madumu kwa vijana wa upande wa pili wa mpaka waliopita na baiskeli wakiita "Amenshi! Amenshi!", yaani maji kwa Kibemba, na hakuna aliyeuliza yamechotwa wapi. Walikunywa mabichi. Nilizunguka mtaa nikieleza mpaka sauti ikakauka, na wakanisikiliza kwa adabu, ile adabu ya mtu aliyekwisha amua. Bibi alikaa kwenye mswala wake bila kuswali. Nilipomwambia, "Bibi, siyo hivyo," akajibu, "Nimeona kwa macho yangu, mjukuu wangu. Hata moto umeshindwa."

Asubuhi yake nikasikia sauti ya Neema juu ya ukuta, ndogo, kama ya mtoto. "Dada Tuse. Nimekwisha." Alikuwa amekunywa ya kwenye dumu. Mimi na Bibi tulimfunga kwenye khanga na kumkimbiza kambini kwa toroli ya jirani, tope mpaka magotini, na njia nzima nilimshika vidole, na njia nzima vilikuwa vinakunjamana mkononi mwangu. Alikuwa ananitazama. Alitaka nimwambie hafi, nikamwambia hafi, na sikuamini. Walimtundikia dripu mbili kwa mpigo. Bibi alimvuta shuka miguuni, akamfunika, kisha akanigeukia pale pale kati ya vitanda: "Haya. Sasa nieleze. Nieleze mie kama umwelezavyo mtu mjinga."

Nikamwambia habari ya jina na maiti. Nikamkumbusha kwamba hata siku ile ya kwanza mimi mwenyewe niliwachemsha wadudu kwanza ndipo nikawapima, kwa hiyo mwanga tuliouona ulikuwa wa maiti tangu mwanzo. Sikuwa nimefikiri, nilipolitaja neno lile, kwamba nasema na mwosha maiti. Kila mwanamke wa Kiislamu aliyekufa mtaani petu aliogeshwa na mikono ya Bi Mwanaidi. "Maiti," akasema taratibu. "Nimewageuza, nimewachana nywele. Watu wawaogopa, lakini maiti hajawahi kuniuma hata siku moja." Akamtazama Neema. "Mie nimekuelewa. Ila mtaa umeona mwanga, Tuse. Maneno hayatauzima."

"Tufanyeje, Bibi?"

"Twende tuchemshe. Upime mbele yao, yawake, waone. Kisha uyanywe."

Nadhani nilicheka. Yeye hakucheka. Na hapo ndipo nilipoijua hofu kwa mara ya kwanza, kwa maana ile niliyokuwa naiita hofu siku zote ilikuwa wasiwasi tu. Nilikuwa na miaka mingi ya kusoma kichwani. Ningeweza kusimama mbele ya maprofesa nikathibitisha kwamba maji yale yakitokota hayana madhara. Lakini hakuna profesa aliyewahi kuniambia nyanyua basi, kunywa. Njiani nikawaza yote. Je, yametokota kweli au yamechemka pembeni tu? Kikombe kimesuuzwa kwa maji gani? Na kama nimekosea jambo moja dogo nisilolijua, kama wanavyokosea wanasayansi kila siku, kisha wakaandika upya wakaendelea na maisha? Tulipofika nilikwenda nyuma ya choo nikatapika kwa woga, na mama mmoja aliyekuwa akipita akapiga kelele, "Ameshaanza na huyu!" Nusu ya watu waliokuwa wakikusanyika wakarudi nyuma hatua kadhaa.

Bibi aliacha maji yatokote mpaka kifuniko kikacheza na kuni zikaisha, akaongeza nyingine. Ilikuwa alasiri, mvua imepumzika, mtaa umejaa mlangoni bila kuingia. Mjumbe wetu, mzee mrefu wa Kinamwanga asiyependa kudanganywa, aliingiza kichwa ndani ya blanketi kwa niaba ya wote. Akatoka amekunja uso. "Inawaka," akatangaza. "Kijani." Watu wakaguna. Bibi akachota kwenye sufuria lile lile, akayamimina mbele ya macho yao kwenye kikombe cha bati, tukangoja yapoe, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko chochote. Nikakishika kikombe. Nikakipeleka mdomoni, mdomo haukufunguka. Nasema kweli, haukufunguka. Nilimwona mjumbe akinitazama, nikaona katika uso wake kwamba kama sitakunywa, hakuna mtu mtaani petu atakayechemsha maji tena, si leo wala mwakani.

Bi Mwanaidi akakichukua kikombe mkononi mwangu. Hakuninyang'anya, alikipokea, kama mtu anayekupokea mzigo njiani. Akasema Bismillahi, akanywa nusu, akafuta midomo kwa upande wa khanga, akanirudishia. "Sasa tupo wawili," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Ukifa wewe, watu wa kanisani kwenu wapo. Nikifa mie utahangaika, maana kuosha hujui." Mtu mmoja akacheka kule nyuma. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi. Nikageuza kikombe chini, hakikudondosha kitu.

Watu hawakukimbilia kuchota, msidhani. Walikwenda zao kungoja kama tutakufa. Na sisi tukangoja. Sijapata kulisikiliza tumbo langu namna ile. Kila lilipounguruma nilikaa kitako. Bibi alipika migebuka na ugali, akanilazimisha kula, akisema tumbo tupu ndilo linaloongea. Kila asubuhi alinigongea ukuta: "Umeamkaje?" "Salama, Bibi." "Na tumbo?" "Lipo." Mmoja wetu akielekea chooni mwenzake alisimama mlangoni mpaka atoke, na akitoka tulitazamana, na hakuna aliyeona haya. Hofu yangu ilikuwa imekuwa mara mbili. Nikifa mimi, basi. Lakini huyu mama alikuwa amekunywa neno langu. Siku moja aliharisha kidogo. Nikamshika vidole nikavigeuza huku na huku, nalia, nikimwambia nisamehe, Bibi, nisamehe. Akaniachia vidole vyake nivitazame nitosheke, kisha akasema, "Mawese hayo, mtoto wewe. Niliyazidisha." Na kweli yalikuwa mawese.

Tuliishi. Neema naye aliishi. Alirudi amekonda, khanga imemzunguka mara mbili, akauliza nani amegusa magauni yake. Na asubuhi moja nikasikia ndoo uani. Alikuwa mjumbe mwenyewe, amesimama mbele ya sufuria, anangoja yatokote. Nyuma yake wanawake, akiwemo yule wa sadaka ya kuua watu. Bibi akasimama kwenye moshi, mwiko mkononi, akawaambia, "Rajabu alitoa maji. Mie natoa moto. Kila mtu na sadaka yake, na mabichi hapa hatoki nayo mtu." Akamjazia mjumbe ndoo. Nilikuwa mlangoni kwangu. Akaitazama ndoo ikienda mpaka ikapita mlango wa ua, kisha nikalisikia lile neno, chini chini: "Yamfikie."

Kazi yote niliyoifanya tangu mwaka ule ilitoka kwenye kikombe kile. Nilirudi kwa profesa wangu nikamwambia nataka kuanza upya, nataka kisanduku ambacho hakifungukii maiti. Mdudu aliye hai ana ujumbe anaoutoa ndani yake saa zote, na akifa ujumbe huo unaoza upesi kuliko jina lake. Kufuli langu la sasa linatafuta ujumbe huo. Linanisumbua mpaka leo, linakosea, linarekebishwa. Wenzangu wa fani hii wana mashine nzuri na maumbo mazuri, wamekunja nyota, wamekunja na maua, na hunitania kwamba mimi nimezeeka na sanduku moja. Wanafunzi wangu nao wananijua kwa swali moja. Wakiniletea matokeo, meupe au ya kijani, huwauliza, "Ungekunywa?" Wengi huangalia chini. Sikasiriki, maana najua kinachowapitia.

Siku ya hitima ya Bibi niliketi mkekani na wanawake, Tunduma, kwenye sebule ile ile. Kisima sasa kina pampu na mfuniko wa zege, lakini uani kuni zilikuwa zinawaka chini ya lile sufuria la pilau, na ndani yake mlikuwa na maji, si pilau. Neema ndiye aliyekuwa motoni, mama mtu mzima sasa mwenye duka lake sokoni. Alinieleza tu kwamba Bibi aliogeshwa na wanawake aliowafundisha mwenyewe, na kwamba maji ya kumuoshea yalitoka hapo, yametokota kwanza, ndivyo alivyousia, na watu wakashangaa maiti anaogopa nini. Tukacheka, tukalia. Kisha akanichotea, kwenye kikombe cha bati.

"Yamechemka?" nikauliza.

"Dada Tuse! Unauliza hilo katika nyumba hii?"

Nikakipeleka kikombe mdomoni, nikakishusha, nikangoja. Nilikuwa namngoja mtu anipokee, anywe nusu. Neema alijua ninachongoja, akageuza uso. Hakuja mtu. Nikanywa chote peke yangu, mpaka tone la mwisho, na ladha ya moshi ilikuwa ile ile.

"Yamfikie," nikasema.